Danieli Alipofika Babeli: Somo kwa Wanaokwenda Kusoma Ng'ambo na Wazazi Wao

Neno la kusoma: Danieli 1:1–21, Yeremia 29:4–11, Luka 14:28–30

Somo la wiki hii limetokana na karatasi za maombi ambazo nyinyi wenyewe mnaweka kwenye kikapu. Tangu mwezi wa sita nyingi zinasema jambo moja: viza. Ombea kijana wangu apate viza. Ombea binti yetu, chuo kimemkubali lakini pesa haijatosha. Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini nimeona tunaombea mlango ufunguke, halafu mtu akishaingia tunanyamaza, kama vile viza ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Viza ni mlango tu. Nyumba iko ndani, na mara nyingi ni baridi.

Fungueni Danieli sura ya kwanza. Tumezoea kukimbilia tundu la simba na tanuru la moto, hii sura tunaipita haraka. Ukiisoma pole pole utaona ni habari ya wanafunzi wa ng'ambo. Vijana wanne kutoka Yuda wamewekwa katika mji wa ugeni, wamepewa kozi ya miaka mitatu (mstari wa 5), lugha mpya, vitabu vipya, chakula kipya, hata majina mapya. Hawakuenda kwa kupenda, walichukuliwa mateka, hiyo ni tofauti kubwa na nyinyi mnaojaza fomu usiku kucha. Lakini ile kazi ya kuishi mahali usipopajua ilikuwa ni ile ile.

Sasa angalieni walichokataa na walichokubali. Jina la Danieli likageuzwa kuwa Belteshaza, na hatusomi mahali aligomea. Elimu ya Wakaldayo aliisoma, na akaifaulu kuliko wenyewe. Mpaka aliuweka kwenye meza ya mfalme tu. Yaani kijana huyu alijua kitu gani ni dhambi kwake na kitu gani ni ugeni tu. Wengi wetu hatujui tofauti hiyo. Mtoto anafika kule, anasikia wenzake wanamwita profesa kwa jina lake la kwanza, anaona ni ukosefu wa adabu, basi ananyamaza darasani muhula mzima. Si dhambi hiyo. Mwenyewe amesema aitwe hivyo. Kumwangalia mkubwa machoni unapoongea naye, kule ni ishara kwamba unasema kweli. Kupinga hoja ya mwalimu kwa heshima, kule ndiyo wanaita kusoma. Mwanafunzi anayenakili kila kitu na kukariri, kama tulivyofundishwa sisi, atashangaa kuona alama ndogo.

Lakini kuna mahali pa kuweka mpaka, na hapa nitataja jambo moja bila kuzunguka. Vijana wengi Kenya wamekula kutokana na ile kazi ya kuandikia wanafunzi wa nje insha na tasnifu kwa malipo, ile wanaita "academic writing". Wengine wamo humu kanisani na tunawapenda. Jueni kwamba Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai katika vyuo vya England. Na mwanafunzi anayenunua insha, au anayenakili kazi ya mtu bila kumtaja, anaweza kufukuzwa chuo. Ukifukuzwa chuo, viza nayo imeisha, kwa sababu viza yako imeshikiliwa na chuo. Usiende na tabia hiyo. Ukibanwa na kazi, omba muda uongezwe kabla tarehe haijapita. Vyuo vingi vina utaratibu wa hilo, lakini ni kwa anayeomba mapema.

Na hapo Danieli anatufundisha namna ya kuomba. Mstari wa 8 alikwenda kwa mkuu wa matowashi. Yule mkubwa akamwambia anamwogopa mfalme. Danieli hakupiga kelele, hakuanza kusema anateswa kwa ajili ya imani. Alishuka kwa msimamizi aliye chini yake, akampa pendekezo ambalo mtu anaweza kulikubali: tujaribu siku kumi, halafu mtuangalie. Yaani alijua ofisi ya kwenda, aliongea kwa adabu, na alileta suluhisho. Vyuo vingi vya ng'ambo vina ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Wiki ya kwanza, nenda ujue mlango wake uko wapi na nani anakaa pale. Usingoje shida.

Wazazi, sasa ni zamu yenu, na hapa nitakaa kidogo.

Bwana Yesu katika Luka 14 anauliza ni nani anayeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza apige hesabu. Kuna hesabu ambayo nimeisikia mara nyingi mtaani: tuuze ng'ombe, tufanye harambee, tupate nauli na karo ya muhula wa kwanza, akifika atafanya kazi ajilipie. Hesabu hiyo haitoki. Uingereza, mwanafunzi wa digrii mwenye viza anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Marekani, mwaka wa kwanza anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu, nazo si zaidi ya saa 20 wakati wa muhula. Canada waliweka saa 24 kwa wiki tangu Novemba 2024. Saa hizo zinaweza kulipa chakula na labda sehemu ya nyumba. Karo ya mgeni hazilipi. Na anayezidisha saa kwa siri anaweza kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo mzazi anayempigia mtoto simu na kumwambia "ongeza kazi" anaweza kuwa anamsukuma avunje sheria bila kujua.

Halafu kuna gharama ambazo barua ya chuo haizitaji kwa herufi kubwa. Ujerumani inataka pesa ya mwaka mzima iwe imefungiwa kwenye akaunti maalum kabla ya viza. Kufikia mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904, na mwanafunzi anatolewa euro 992 kila mwezi. Uingereza inadai ada ya matibabu pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, inalipwa mara moja pamoja na ombi la viza, na pesa ya matumizi lazima iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mtu wa Kenya anayekwenda huko zaidi ya miezi sita anapimwa pia kifua kikuu kabla. Zile siku 28 zimewaangusha wengi. Pesa ya harambee ikiingia Jumatatu na ombi likaenda Ijumaa, watu wa viza wanakataa, nasi tunasema ni vita vya kiroho. Wakati mwingine ni kalenda tu.

Kuhusu pesa na watu wa kati, tukumbuke yaliyotokea Uasin Gishu. Wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti ili watoto waende kusoma Finland na Canada. Wengi hawakusafiri, na baadhi ya waliofika Finland wakajikuta karo haijafika chuoni. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret, na jambo likafika mahakamani. Ya mahakama tuiachie mahakama. Lakini kama mpango wenye ofisi na mihuri ya serikali uliacha wazazi wanalia, itakuwaje kwa ajenti mwenye namba ya simu na picha za ndege kwenye WhatsApp? Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti itoke chuoni. Barua ya kukubaliwa ihakikishwe kwa kuandikia chuo chenyewe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake, si ile aliyokupa ajenti. Ajenti akikasirika kwa sababu umehakikisha, umepata jibu lako.

Kuanza karatasi mapema ni muhimu zaidi kwetu watu wa huku kaskazini. Tunajua jinsi kitambulisho kilivyokuwa kinasumbua watu wetu kwa ule msasa wa ziada, ambao Rais alitangaza kuuondoa mwezi wa Februari 2025. Bila kitambulisho hakuna pasipoti ya mtu mzima, na jina kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha shule hata kwa herufi moja, utazunguka. Rekebisha hayo mtoto akiwa kidato cha tatu, si wiki ya viza.

Tuje kwa safari yenyewe. Pasipoti, barua ya chuo, vyeti na dawa vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. (Na ndege utaipanda Nairobi, JKIA. Uwanja wetu hapa Kiwanjani unaitwa wa kimataifa na tunaendelea kuamini.) Mama zetu wanapenda kufunga nyirinyiri kwenye kopo, na mwingine anauliza kama maziwa ya ngamia yanaweza kugandishwa. Upendo huo Mungu anauona, lakini nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Uingereza, Ulaya wala Marekani. Vitachukuliwa, na ukivificha utapigwa faini.

Kubwa zaidi ya hilo ni mzigo wa mtu. Tunaishi karibu na Meru, na miraa kwetu ni kitu cha kawaida kuuzwa kando ya barabara. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani na Canada ni haramu pia. Mtu akikuletea mfuko usiku wa safari akasema ni unga na majani ya chai ya dada yake, hata kama ni mshirika, hata kama ni jamaa wa mchungaji, mwambie hapana. Kama hujapanga wewe mwenyewe ndani ya sanduku, usilibebe.

Ukifika, angalia barabara. Marekani, Canada na karibu Ulaya yote magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo gari la kwanza linatoka kushoto kwako. Macho yako yamezoea kuangalia kulia kwanza. Uingereza ni kama kwetu, hata soketi za stima ni zile zile za pini tatu. Jiandikishe kwa daktari wiki za mwanzo ukiwa mzima. Usilipe nyumba ambayo hujaiona wala hakuna mtu unayemwamini aliyeiona. England, mwenye nyumba anatakiwa kuweka amana yako kwenye mfuko uliotambuliwa kisheria ndani ya siku 30, na kwa nyumba za kawaida amana haizidi kodi ya wiki tano. Akikataa kukupa karatasi, ondoka.

Kuna mtego mwingine. Mtu mwenye tabasamu, pengine anaongea Kiswahili kizuri, anakuomba apitishie pesa kwenye akaunti yako ya benki, ubaki na kidogo. Hiyo ni pesa ya wizi inayosafishwa. Atakayeshikwa ni mwenye akaunti.

Saa pia ifundishwe upya. Sisi tunasema saa mbili tukimaanisha wao wanaita nane, hiyo mtajigawia wenyewe. Shida ni kwamba miadi ya saa nne kule ni saa nne kweli. Ukifika saa nne na robo mlango umefungwa na hakuna wa kumbembeleza.

Sasa baridi na giza. Mtu wa Isiolo amezaliwa karibu kabisa na Ikweta. Jua letu linachomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na joto tunalilalamikia kila siku. Helsinki mwezi wa Desemba jua linatoka saa tatu na kitu asubuhi na kufikia saa tisa na robo mchana limezama. London saa kumi jioni ni giza. Mwili unachoka kwa namna ambayo hujawahi kuiona, usingizi unavurugika, unalia bila sababu, hutaki kufungua Biblia. Idara ya afya ya Uingereza inashauri watu watumie vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, msimu wa baridi, na inawashauri wenye asili ya Afrika wafikirie kuitumia mwaka mzima, kwa sababu ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Nunua. Si ukosefu wa imani.

Na moyo ukizidiwa, soma 1 Wafalme 19. Eliya, mtu aliyeshusha moto, ameketi chini ya mti anaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, safari ya siku arobaini mbele. Vyuo vina washauri wa wanafunzi ambao mara nyingi hulipi chochote kuwaona. Nenda ukaongee nao. Wapendwa, tumewahi kumwambia kijana aliyepiga simu akilia kwamba afunge na kuomba, wakati alikuwa hajala siku mbili. Tumwulize kwanza amekula nini.

Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyopanga Tom Mboya ilitoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Mwaka uliofuata, 1960, alikwenda msichana kutoka Nyeri, Wangari, ambaye baadaye tulimjua kama Wangari Maathai. Alipelekwa chuo cha watawa katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, akasoma biolojia hadi 1964. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba njiani, safari ndefu ya basi, walikataliwa kuketi ndani ya mkahawa wanywe soda kwa sababu ya rangi yao. Hiyo ndiyo karibu aliyopata. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Simtaji ili kila mtoto arudi na Nobel. Namtaja kwa sababu ubaguzi upo, na mtoto aambiwe kabla, ili siku utakapomkuta asidhani kosa ni lake. Aandike tarehe na maneno yaliyosemwa, apeleke kwenye ofisi ya chuo, na asile uchungu huo peke yake.

Kizazi kile barua ilichukua wiki nyingi kufika. Walilazimika kuishi pale walipo. Nyinyi mnayo simu, na simu inaweza kukufanya ulale Kansas lakini uishi Kiwanjani: unajua nani ameoa, nani amehama, mvua imenyesha Bulla Pesa au la, lakini jirani wa chumba cha pili humjui jina. Hapo ndipo Yeremia 29 inaingia. Wote tunaupenda mstari wa 11, tumeuandika hata kwenye vioo vya matatu. Ila ile ni barua kwa watu waliohamishwa, na kabla ya mstari huo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, na wautakie amani mji waliomo, kwa sababu katika amani ya mji huo wao pia watapata amani. Kuna watu walikuwa wanawaambia kwamba watarudi karibuni, wasifungue mizigo. Yeremia akasema fungueni.

Mtoto wa Isiolo ana faida hapa ambayo hajui anayo. Amekua akisalimia kwa Kiborana asubuhi, akinunua sukari kwa Msomali, akicheza mpira na Mturkana na Msamburu, akienda shule na Mmeru. Kuishi na watu wasiofanana na wewe si somo geni. Tafuta kanisa wiki ya kwanza, hata kama ibada ni ya saa moja na hakuna anayepiga makofi. Na rafiki wasiwe Wakenya tu.

Hata Uganda ni ng'ambo, tusisahau, na wengi wetu watakwenda huko kabla ya London. Mpaka unavuka kwa kitambulisho, lakini kusoma kunahitaji kibali cha mwanafunzi, na ugeni wa lugha upo.

Nimalizie na pesa ya kurudi nyumbani, jambo ambalo hatulisemi. Mtoto akifika tu, simu zinaanza: karo ya binamu, hospitali ya shangazi, mabati ya babu. Anaona aibu kukataa, anatuma pesa ya kodi ya nyumba, halafu anaanza kudanganya. Wengine wameacha masomo mwaka mzima na mzazi hajui, anaendelea kushuhudia hapa mbele. Mzazi, mwambie mtoto kabla hajaondoka, mbele ya ukoo, kwamba hatatuma chochote mpaka amalize, na kwamba akifeli au akiishiwa anaweza kupiga simu usiku wowote bila kugombezwa. Na sisi kanisa tusiwe wa kwanza kumtumia fomu ya ahadi ya ujenzi. Tulichanga ili asome.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:

1. Katika Danieli 1, taja mambo aliyokubali na jambo alilokataa. Kwa kijana wetu anayesafiri mwaka huu, orodha hizo mbili zingekuwa na nini?
2. Wazazi: karo ya mwaka wa pili itatoka wapi? Andikeni namba, si neno "Mungu atafungua".
3. Ni nani kutoka kanisa letu yuko ng'ambo sasa na hatujampigia simu tangu Pasaka? Gawaneni majina kabla hamjafunga kwa maombi, na msimuulize habari ya pesa.